Aibu hii hatukujivika wenyewe

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu kifungua mimba wangu yuko darasa la tatu, na leo ana watoto wawili. Miaka yote hiyo sijakuandikia hata mstari. Nimeshika kalamu kwa sababu ya ile habari yenu ya wiki jana kuhusu wazee wanaopata vifaa vya kusikia kisha wanavifungia kabatini. Mwandishi wenu alimalizia kwa kutushauri tujiamini na tuache aibu. Maneno hayo niliyasoma mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nimekaa mlangoni pa mashine yangu, unga unatua juu ya karatasi, na mikono ilikuwa inatetemeka.

Naomba huyo mwandishi aulizwe: hiyo aibu tuliitoa wapi?

Mimi nasaga mahindi hapa Busia, upande wa Uganda, huu ni mwaka wa 27. Anayeijua mashine ya posho ya injini ya dizeli anajua kishindo chake. Mteja akitaka mahindi yakobolewe kwanza, ananionyesha kwa mkono, maana kuongea ni kazi bure. Hakuna aliyewahi kuniambia nizibe masikio. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 mtu anaweza kukaa nayo saa 40 kwa wiki, ikifika 90 isizidi saa 4. Mimi nilisimama pale kuanzia asubuhi hadi jua linazama, siku sita kwa wiki. Masikio hayakufa siku moja. Yalianza na zile sauti nyembamba. Mteja anasema kilo sita, mimi naandika tisa. Herufi za s na t zilikuwa zimeshakwenda, nikabaki kusikia i na a, na hizo zimo katika sita kama zilivyo katika tisa. Watu wakaanza kusema mama wa mashine amekuwa mwizi. Kabla sijaitwa kiziwi niliitwa mwizi, na hilo ndilo lililonipeleka Kampala kupimwa.

Kifaa nilikinunua kwa fedha ambayo ingeninunulia injini nyingine. Betri yake ni ndogo kuliko punje ya mahindi. Ina kibandiko cha rangi ya chungwa; ukikibandua unaiacha dakika moja ivute hewa, ndipo unaitia mahali pake. Hapa Busia sijapata duka hata moja linaloziuza, kwa hiyo naagizia Kampala na dereva wa basi ananiletea ndani ya bahasha. Siku basi likiharibika njiani, nami nakaa kimya.

Miaka minne nilikivaa chini ya kitambaa cha kichwa, nimekaza mpaka kwenye kidevu. Sasa sikiliza jambo ambalo mwandishi wenu hakuliandika. Kifaa hiki ukikifunika, sauti inayotoka inarudi ndani yake na kinapiga mluzi. Nilivyozidi kuficha, ndivyo kilivyozidi kulia. Kwenye kikundi chetu cha akiba akina mama walikuwa wanapekua mikoba yao wakidhani ni simu. Kwenye msiba wa jirani kililia katikati ya dua, na dada mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ya chini neno ambalo wasomaji wako wote wanalijua: kasiru. Kwa Kiganda huyo ni mtu asiyesikia wala kusema, na mpumbavu anaitwa musiru. Mtoto wa nchi hii anakua akiyasikia maneno hayo mawili yamefanana hivyo, halafu akiwa mkubwa mnamwambia avae kifaa asione haya.

Mwezi wa nane mwaka jana nikasema basi, yatosha. Kitambaa nilikifunga nyuma, masikio yote nje, nikaenda benki kuweka fedha za wiki na kuulizia mkopo wa kutengeneza injini. Mlangoni askari akaninyooshea kidole. "Mama, toa hiyo kitu ya masikio. Simu hapana ndani." Nikamwambia, "Mwanangu, hii si simu, inanisaidia kusikia." Akajibu jambo ambalo sikulipata, kwa sababu alishageuka kumpekua mtu mwingine, na mtu wa aina yangu akikosa uso wa msemaji amekosa nusu ya maneno. Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu, mtu mmoja akafyonya. Nikakitoa, nikakitia kwenye mkoba. Ndani nikapewa karatasi ya namba 46. Namba zinaitwa kwa spika iliyo juu darini na hazikuandikwa popote. Nikakaa nikitazama nani anainuka, nikijaribu kubahatisha. Nilipoona aliyekuja nyuma yangu ameshahudumiwa, nikaenda dirishani, kijana wa kaunta akaniashiria kwamba nimepitwa nikachukue namba nyingine. Kati yetu kuna kioo, tundu la kuongelea liko chini usawa wa tumbo, naye anaongea akitazama kompyuta. Nikamwambia sisikii. Akarudia vilevile. Nikamwambia, "Sisikii, mwanangu, niandikie." Hapo akasimama, akazungushia mdomo mikono, akapaza sauti ambayo hata mimi bila kifaa niliidaka neno kwa neno: akaunti yangu ina kiasi gani, deni la mkopo wa kwanza limebaki kiasi gani, na kwamba kwa umri wangu mkopo mwingine ni mgumu. Ukumbi mzima ukageuka. Walikuwemo wateja wangu wawili, na yupo mama anayeniletea mahindi kwa mkopo, gunia kwa gunia, nalipa nikishauza. Mama yule aliinamisha macho. Jumamosi iliyofuata akataka fedha zake zote taslimu kabla ya kushusha hata gunia moja, jambo ambalo katika miaka tisa hakuwahi kuniambia. Nilitoka benki ile nikasimama kwenye kivuli cha mwembe, nikakivaa kifaa, nikakifunika tena na kitambaa. Kikalia njia nzima mpaka nyumbani.

Aibu ile haikutoka kichwani mwangu, Mhariri. Ilianzia mlangoni kwa askari, ikapitia dirishani, ikaja mpaka kwenye ghala langu. Siku ileile niliyofanya yanayohubiriwa na mwandishi wenu ndiyo siku niliyoadhiriwa kuliko zote.

Na kuna jambo jingine. Nchi hii imewatambua viziwi, na ninafurahi kwa ajili yao. Katiba ya 1995 imeitaja lugha ya ishara, na mwaka 1996 Mheshimiwa Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia Bunge. Kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 inayokataza kumbagua mtu katika huduma. Lakini sisi tunaosikia nusu tuko wapi? Lugha ya ishara hatuijui, maana tumezeeka tukisikia. Sauti nazo hatuzipati zote. Duniani watu zaidi ya milioni 430 wana upungufu wa kusikia unaohitaji msaada, na wengi wao ni kama mimi, wanaongea vizuri kabisa, kwa hiyo kila mtu anadhani wanajifanya. Tena mtu akitambua, anapiga kelele. Kelele haisaidii. Sauti ikipandishwa sana inavurugika ndani ya sikio na maneno yanakuwa kishindo. Nitazame, ongea polepole kidogo, usizibe mdomo. Kwani ni gharama gani hiyo?

Tena nikiwa bado kwenye masikio, naomba niseme kuhusu spika za sokoni. Kuanzia saa mbili asubuhi kuna kijana wa dawa ya panya na spika yake inayorudia maneno yaleyale mpaka jioni, kuna mhubiri upande wa pili, kuna lori la matangazo linalopiga muziki mpaka vioo vya duka vinatetemeka. Kifaa changu hakichagui. Kinanipa vyote pamoja, na mteja aliye mbele yangu anazama humohumo. Hilo langu mimi nimeshazoea, ila watoto wachanga wamefungwa migongoni mwa mama zao hatua mbili kutoka kwenye spika hizo, kutwa nzima, soko hadi soko. Kanuni za kudhibiti kelele zimeandikwa tangu 2003. Sijaona mtu amezileta sokoni kwetu. Mimi mwenyewe nina kelele ya mashine, sikatai, na nimejenga ukuta wa matofali kati ya injini na wateja, na kijana anayenisaidia nimemnunulia vizibo vikubwa vya masikio vya mafundi. Wateja wanamcheka. Nimemwambia atakayemcheka mahindi yake yatasagwa mwisho, na nimeshafanya hivyo kwa watu wawili.

Nyinyi mlitoa ushauri kwa wazee, nami natoa wangu. Kila dirisha la benki, la sako (chama cha akiba na mikopo) na la zahanati litundikwe kibao cheusi kidogo, upana wa kitabu cha leja, kwa kamba, na kipande cha chaki nyeupe pembeni. Namba ikiitwa iandikwe. Mtu akisema sisikii, aandikiwe, habari za fedha zake zibaki kati yake na dirisha. Pili, kila askari wa mlangoni siku yake ya kwanza kazini apewe kifaa cha kusikia akishike mkononi, akigeuze, aone tundu la betri na mrija wake, asije akakiita simu tena. Asipewe karatasi ya kusoma, akishike.

Tatu ni yako wewe, Mhariri. Tarehe 3 Machi ni Siku ya Usikivu Duniani. Waliichagua kwa kuwa 3 na 3 zinafanana na masikio mawili. Mwaka huu mlichapa picha ya mzee analia akivalishwa kifaa, wageni wamemzunguka wanapiga makofi. Mwaka ujao naomba mchape mtu aliyekivaa akiwa kazini kwake, anapima, anauza, anadai chenji yake. Mkimkosa, mimi nipo. Nafungua saa moja asubuhi, mashine iko nyuma ya soko la mahindi. Mpigapicha asimame upande wa kulia, ndiko kilipo kifaa. Kitambaa nitakuwa nimekifunga nyuma.

Msomaji wako,
Mama wa mashine ya posho,
Busia