Viti vya jimu Mombasa vinabanduka manake ledha yenyewe si ya hewa ya hapa

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji. Mimi ni fundi wa kushona viti, karakana yangu iko Kongowea, na kazi inayoniletea wateja wengi siku hizi si makochi wala viti vya matatu, ni mabenchi ya jimu na vitanda vya masaji. Jimu zimejaa, Nyali, Bamburi, Tudor, Changamwe mpaka Likoni, na mimi nafurahi watu wakijali afya zao. Lakini ingia ndani uangalie, benchi imebanduka, sponji iko nje, mtu amebandika seloteipu nyeusi juu yake na wateja wanalala hapo hapo na jasho lao. Hili jambo linazuilika kabisa, na linaanzia dukani kabla fundi hajashika mkasi.

Mwenye jimu akienda kununua anaangalia rangi, anapapasa aone kama ni laini, basi. Muuzaji anamwambia hii ni ledha nzuri, ya nje, mita ni pesa kadha. Hakuna anayeuliza hapo juu ni plastiki gani, na yote yamelala hapo. Zile roli nyingi tunazouziwa ni za aina mbili, PVC (polivinili kloridi) na PU (poliurethani), zote zina kitambaa mgongoni na plastiki usoni, na ukizilaza kando kando kwenye kaunta mtu asiye fundi hazijui.

PU inapendeza, ni laini, haina ile harufu kali. Lakini ile ya bei ya chini, ambayo imetengenezwa kwa msingi wa poliesta, adui yake ni unyevu. Maji yaliyo hewani yanapenya pole pole yanaikata ile plastiki kutoka ndani, wakemia wanaita haidrolisisi, na joto likizidi ndo inaenda mbio. Haihitaji hata kukaliwa, roli ikikaa stoo tu inaharibika. Sasa angalia tuko wapi, mji uko kisiwani na pwani, unyevu mwaka mzima, mwisho wa Kaskazi, Februari na Machi, joto linapita nyuzi 30 kila siku, halafu ndani ya jimu kuna watu wanatoka jasho lenye chumvi kuanzia alfajiri mpaka usiku. Ledha hiyo hiyo ikipelekwa mji mkavu wa baridi itakaa zaidi, huku kwetu inatoka magamba, mtu anaamka nayo mgongoni. Ndo maana nasema usimlaumu fundi kwanza, wala usiwalaumu wateja ati wanatumia vibaya.

Si PU zote ni mbaya, hilo niliseme wazi. Kuna yenye msingi wa polieta (si poliesta) inayovumilia unyevu zaidi, na kuna ya polikaboneti ndo ngumu kuliko zote, hizo ndo za viti vya hospitali na sehemu zenye shughuli nyingi, na bei yake inapanda kweli. Kampuni zinazotengeneza zina kipimo chake, wengi wanaita jungle test, kipande kinafungiwa kwenye joto la nyuzi 70 na unyevu wa asilimia 95 kwa wiki kadhaa halafu wanaangalia kama kimebanduka. Kwa mtu wa Mombasa hicho ndo kipimo cha kuulizia kuliko vyote. Muuzaji akikuonyesha karatasi ya misuguo pekee, ile ambayo mashine ya Martindale au Wyzenbeek inasugua kipande na kuhesabu, mwambie ahsante lakini hiyo haitoshi. Marekani chama cha wenye biashara ya vitambaa vya ofisi na hoteli kinapendekeza misuguo 30,000 ya Wyzenbeek au 40,000 ya Martindale kwa vitambaa vya kufumwa vya sehemu za watu wengi, na ni kiwango kizuri, lakini ule msuguo unafanywa kwenye kipande kikavu. Ledha inaweza kupita misuguo 100,000 maabara na bado ikabanduka hapa kwa unyevu.

PVC yenyewe haina shida hiyo ya maji, na kwa benchi za kunyanyulia chuma mimi ndo naipendekeza mara nyingi, nzito, unene karibu milimita moja, mgongoni iwe na kitambaa cha poliesta kinachovutika kidogo. Lakini nayo ina ugonjwa wake. PVC kiasili ni ngumu, inalainishwa na mafuta maalum yanayochanganywa kiwandani, na yale mafuta yakitoka inakauka, inakuwa ngumu halafu inapasuka kwenye mikunjo. Yanatolewa na nini? Jua, mafuta ya mwili, na spiriti. Tangu corona iingie Kenya Machi 2020 jimu nyingi zina chupa ya sanitaiza ya spiriti ya kupulizia viti, wanapuliza na wanaacha ikauke, siku nzima, kila mteja, na watu wanashangaa kiti kimekuwa kigumu kama ubao. Sabuni ya maji na kitambaa chenye maji inaondoa jasho vizuri tu. Ukitaka dawa ya kuua viini tumia ile ambayo mtengenezaji wa ledha ameikubali, jiki isiende pale bila kuchanganywa na maji, dawa iache ikae muda ulioandikwa kwenye chupa, halafu pangusa tena kwa maji safi. Kule kupangusa mara ya pili ndo watu wanakuruka.

Na zile jimu za wazi, zile za paa la makuti na upepo wa bahari, chukueni ledha ya boti. Mafundi wa viti vya boti kule Mtwapa wanaijua, ina dawa ya kuzuia jua na ya kuzuia ukungu. Nyeusi kwenye jua inachoma ngozi, hilo mtu analijua akiikalia.

Kama hujui roli ulilouziwa ni lipi kuna njia, nawapa bure. Chukua waya wa shaba, ule wa stima, uuchune usibaki na plastiki hata kidogo, ushike kwa koleo, choma ncha kwenye moto wa gesi mpaka moto usiwe na rangi yoyote ngeni, halafu gusisha ncha ikiwa moto kwenye kipande cha ledha, irudishe motoni. Moto ukigeuka kijani hapo pana klorini, hiyo ni PVC. Usipogeuka, yaelekea ni PU. Fanyeni nje penye hewa na msivute ule moshi.

Vitanda vya masaji ni habari nyingine kabisa, manake pale adui ni mafuta. Sisi pwani tuna singo, tuna mafuta ya nazi, bibi harusi anasuguliwa na liwa na manjano, halafu hina, na mwenye saluni amenunua kitanda cheupe kwa sababu amekiona kwenye simu kikipendeza. Manjano na hina zikiingia kwenye ledha nyeupe hazitoki, hata usugue na nini, na ukisugua na kemikali kali umeshaua uso wa ledha. Hapo chukua PU nzuri inayohimili mafuta, rangi ya maruni au kahawia au kijani kibichi, na tandika shuka la pamba kila mteja. Ile duara ya kuwekea uso inachakaa mapema kuliko kitanda kizima kwa ajili ya mafuta ya uso na vipodozi, mwambie fundi aishone iwe ya kutoka ili ubadilishe hiyo peke yake. Ngozi halisi ya ng'ombe sitaki kuiona kwenye jimu wala spa za huku, inakunywa jasho na inaota ukungu.

Sasa ndani. Sponji ya kawaida ya godoro inafyonza, jasho likipita kwenye tundu za sindano linakaa mle, ndo ile harufu usiyojua inatoka wapi. Kwa benchi naweka ile sponji ngumu isiyofyonza maji, na mshono siuweki pale mgongo unapolala, unaenda pembeni. Sindano zisikaribiane, mishono 6 mpaka 8 kwa inchi inatosha, ukizidisha umeitoboa ledha itachanika hapo hapo kwenye mstari. Uzi uwe wa poliesta, wa pamba unaoza. Pini za stepla ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwa hewa yetu ya chumvi zile za kawaida zinakatika na ledha inaachia. Ubao uwe plaiwudi ya kuhimili maji, MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ikilowa inavimba na hairudi. Na huo ubao utobolewe tundu ndogo chini, watu hawalifikirii hili, mtu akikaa kwa kishindo hewa lazima itoke mahali, isipopata tundu itapasua mshono.

Haya yote ni afya, Mhariri, si urembo. Choa inaambukizwa kwa ngozi na kwa vitu vilivyoguswa na ngozi, na bakteria wa majipu pia. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinashauri vifaa vya mazoezi vilivyopasuka visivyoweza kusafishwa vitengenezwe au vitolewe. Sponji iliyo wazi haisafishiki, na seloteipu haibadilishi chochote, inaongeza gundi ya kunasa uchafu.

Ombi langu kwa wauza ledha wa mji huu ni moja, andikeni kwenye roli imetengenezwa na nini na unene wake, na kama ina karatasi ya kipimo cha unyevu wekeni nakala dukani. KEBS, shirika la viwango la Kenya, wakilisimamia hili tutashukuru. Na maafisa wa afya wa kaunti wakienda kukagua jimu, waangalie na mabenchi vile wanavyoangalia vyoo, kila lililopasuka litolewe mpaka lishonwe upya. Wenye jimu mkisema gharama, kushona upya benchi moja ni bei ndogo sana kuliko kununua benchi, na fundi yeyote mzuri wa Kongowea, Magongo au Mwembe Tayari atakufanyia ukimletea kitambaa cha sawa.

Fundi wa viti,
Kongowea, Mombasa