Anza na majina kwanza

Besti yangu, mambo? Meseji yako nimeikuta jana usiku natoka kazini, nimeisoma mara tatu ndani ya tramu machozi yananilenga. Umepata chuo Ujerumani! Hongera sana mwaya, na mama mpe shikamoo yangu, mwambie zile dua zake za alfajiri zimepokelewa.

Sasa nisikilize. Najua hapo akili yote iko kwenye zile euro 11,904 za akaunti ya kufungia wanazotaka ubalozini kwa ajili ya viza, usingizi hupati, wajomba wameshapigiwa simu wote mpaka wa Muheza. Hela ni kubwa kweli ila usianze nayo. Leo hii toa vyeti vyote uvitandaze kitandani, cha kuzaliwa, form four, form six, cha chuo, kitambulisho cha taifa cha NIDA, paspoti, halafu soma jina lako herufi kwa herufi, na la baba, na tarehe ya kuzaliwa. Mimi jina la baba, cha kuzaliwa kinasema Salimu, shuleni wakati wa kujaza fomu za mtihani wakaandika Salim, NIDA ikafuata cha kuzaliwa. U moja tu! Miaka yote naiona nasema aah kitu gani hicho, nimekuja kushtuka wiki mbili kabla ya miadi ya viza, ikabidi niahirishe, nikaanza kuhangaika na wakili tuandae hati ya majina, ile ya kuonyesha majina yote mawili ni ya mtu yuleyule, ikasajiliwe Wizara ya Ardhi, na cheti cha kuzaliwa kikahakikiwe RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, mbio mbio Tanga Dar Tanga Dar na nauli zenyewe za kukopa. Oktoba ikanipita. Nilianza masomo Aprili, na kile chumba cha hosteli nilichokuwa nimepata alishapewa mwingine. Hadi leo nikikumbuka roho inauma, na wewe sitaki yakukute.

Ukishamaliza majina ndo uje kwenye hela. Ile 11,904 ubalozi hauichukui, ni yako, inafungiwa halafu ukishafika unapewa 992 kila mwezi ya kula na kodi ya chumba, kwahiyo wajomba waelewe hawatoi ada, wanakutolea chakula cha mwaka. Ukituma toka benki ya nyumbani ongeza kama euro 100 juu maana benki za katikati zinakata chao njiani, ikifika pungufu hata kidogo hupati ile barua ya uthibitisho na unaanza kutuma upya. Ukipata skolashipu ya DAAD, lile shirika la Wajerumani la kufadhili wanafunzi, barua yao inatosha, akaunti hiyo huihitaji tena.

Fomu ya viza siku hizi unajaza mtandaoni, alafu ndo unaitwa ubalozi wa Ujerumani pale Umoja House, Dar, na vyeti halisi pamoja na kopi, na ada ni euro 75. Bima ya afya usiisahau, nunua ya kuanzia siku unayotua mpaka utakapoandikishwa chuo. Na ile barua ya kueleza kwanini unataka kusoma kozi hii iandike mwenyewe tafadhali, usinunue ya mtu, maana ndo hayohayo utaulizwa mdomoni. Waambie ya kisima cha bibi na maji ya chumvi, ulivyonihadithia mimi siku ile pale Raskazone, hakuna mwingine duniani mwenye sababu hiyo.

Vishoka watakufuata, watakwambia wana mtu ndani. Hakuna mtu ndani. Usimpe yeyote paspoti yako wala hata mia, hata akiwa ametumwa na binamu.

Ila yote haya tutayaongea kwa simu jumapili. Leo usilale hujanitumia picha ya cheti cha kuzaliwa na cha form four, piga karibu herufi zionekane vizuri, nakaa macho nazisubiri.

Wako wa siku zote,
Mwanaidi