Kiti cha enzi si kiti cha zamani

Ndugu Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliandika katika safu hii kuwa "enzi" maana yake ni wakati uliopita, na kwamba kiti cha enzi ni kiti cha kikale tu. Naomba nafasi nimpinge.

Neno hili asili yake ni Kiarabu, izza: nguvu, utukufu, heshima isiyoguswa. Tunalitamka kutwa bila kulitambua, kwani Mwenyezi ni "mwenye enzi", na sijasikia mtu akidhani Mwenyezi Mungu ni mwenye zamani! Humo humo limo "kuenzi", tunalolisikia kila tarehe 14 Oktoba Mwalimu Nyerere anapokumbukwa. Maana ya wakati imekuja kwa mlango wa nyuma. Ukisema enzi za Sultani Barghash wa Zanzibar, umetaja mamlaka yake ya 1870 hadi 1888. Kwa mazoea hayo ya kuhesabu miaka kwa watawala neno likateleza, leo tuna hata "enzi za kaseti". Sina ugomvi na hilo.

Ila katika miji ya pwani enzi ilionekana kwa macho na kusikika kwa masikio. Kiti chenyewe kilikuwa cha mpingo, kimetiwa njumu za pembe na kusukwa kwa kamba, akakalia mkubwa au mgeni wa kutukuzwa. Kulikuwa pia na siwa, baragumu kubwa lipulizwalo ubavuni. Wareno walipotia nanga Malindi mwaka 1498 waliziona mbili za pembe za ndovu kwa mfalme, urefu wake kama kimo cha mtu. Siwa ya Pate, kisiwa jirani na Lamu, ni ya pembe, ya Lamu ni ya shaba, na zote mbili zipo hadi leo.

Haikupulizwa ovyo. Masimulizi ya Pate yanamtaja Mwana Darini, aliyeomba siwa kwa ajili ya tohara ya mwanawe, sultani akamnyima. Bibi huyo hakulia wala hakusihi. Alichongesha yake kwa siri. Mtu hafiki huko kwa sababu ya ala ya muziki. Kumnyima siwa kulikuwa kuutangazia mji mzima kwamba ukoo wake si wa enzi, na yeye alijua hivyo kuliko yeyote.

Unguja nako Mwinyi Mkuu, ndicho cheo cha mtawala wa jadi wa kisiwa, alikuwa na siwa na ngoma zake. Wakati masultani wa Kibusaidi, ukoo uliotoka Omani, wameshika bandari na forodha, yeye alibaki kijijini Dunga na vyombo vyake, na watu wake waliendelea kumwona mwenye enzi mpaka wa mwisho wao alipofariki mwaka 1873. Utawala ulikuwa umehamia mjini zamani. Enzi ilikuwa bado shamba.

Wasalaam,
Msomaji wenu, Mombasa