Kufanana kwa magari ya Formula 1 si wizi wote

Mhariri,

Kila tunapotazama Formula 1 hapa Bagamoyo, hoja ni ile ile: magari yanafanana kwa sababu timu zinaibiana. Si haki kusema hivyo. Kanuni ni moja, upepo ni ule ule. Wanaotafuta kasi lazima wakutane. Mwaka 1978 gari la timu ya Lotus, Lotus 79, lilitumia hewa ipitayo chini ya gari kuligandamiza barabarani, na wapinzani wakafuata upesi. Hata mafundi wetu wa ngalawa huikagua ya jirani ikiwa mchangani, kisha wakaenda kuchonga yao.

Ninachopinga ni kilichotokea 2020. Timu ya Racing Point walileta gari lililofanana mno na Mercedes ya 2019. Kuiga umbo kwa kutazama picha, sawa. Kilichowaponza ni mifereji ya kupozea breki za nyuma, iliyobainika kutokana na usanifu wa Mercedes wenyewe. Walitozwa euro 400,000 na kukatwa pointi 15, lakini wakaachwa waendelee kuitumia msimu mzima! Hapo roho inaniuma. Timu iliyokesha ikichora ya kwake ilifidiwa nini?

Mpenzi wa mbio za magari,
Bagamoyo