Risala ya Kikundi cha Ndugu wa Wagonjwa wa Baipola kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Afya ya Akili Duniani, Oktoba 10

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Mganga Mfawidhi, viongozi wa dini, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Sisi ni wazazi, wenzi na ndugu wa watu wenye baipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu kwa furaha na nguvu kupita kiasi, kisha kumshusha kwa huzuni nzito, na ambao mtaani hauna hata jina: mgonjwa akipanda huitwa kichaa, akishuka huitwa mvivu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wengi huanza kuugua wakiwa na miaka 15 hadi 25, umri wa sekondari na chuo. Na mara nyingi hauanzi kwa vurugu, huanza kwa sonona, yaani ule upande wa kushuka. Kijana anajifungia chumbani, hali, haogi, masomo yanamshinda. Akipewa dawa ya sonona peke yake, inaweza kumrusha upande wa pili. Hivyo miaka hupita kabla ugonjwa haujajulikana.

Upande huo wa pili mama mmoja wa kikundi chetu anaujua. Mwanawe alikesha siku nne, anacheka, anafagia uwanja saa nane za usiku. Mama akashukuru Mungu, akidhani amepona. Wiki haijaisha, kijana ameuza pikipiki ya nyumbani kwa bei ya kutupa na kuagiza vifaranga 1,000, banda hakuna. Vifaranga vilipofika stendi vikilia kwenye maboksi, ndipo watu waliposema amerogwa. Mwenyewe yupo hapa, ameturuhusu tusimulie. Ndiye aliyefunga maturubai haya.

Baada ya kipindi kama hicho mtu anaweza kukaa mwaka au zaidi akiwa mzima, anachapa kazi. Hapo ndipo tunapodanganyika na kuacha dawa. Vipindi vikizidi kurudi, kwa wengi nafasi kati yao hupungua. Cha kwanza huenda kilitanguliwa na msiba au mtihani. Vya baadaye vinaweza kuja bila kisa. Na kwa jumla siku za sonona huwa nyingi kuliko za kupanda, ingawa majirani wanakumbuka za kupanda tu.

Tumejifunza kuandika usingizi kwenye daftari. Mgonjwa akilala kwa muda wa saa mbili au tatu tu, usiku wa pili mfululizo, na asubuhi hana uchovu, hatungoji, tunakwenda kliniki.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. Dawa zisikatike, maana wiki mbili za kukosa zinaweza kubomoa kazi ya miaka miwili. Pili, kipimo cha damu kwa wanaotumia litiamu. Dawa hii ilianza kutibu ugonjwa huu Australia mwaka 1949 na bado ni tegemeo, lakini kiwango kinachotibu kiko karibu mno na kinachodhuru, na figo zinahitaji kuangaliwa. Kwa sasa tunalipa nauli ya kwenda na kurudi mjini kwa ajili ya mililita chache za damu.

Tunaomba kuwasilisha.