Mgambo wa Lukaya aliyerudi kwenye reli

Mhariri,

Kila Siku ya Mashujaa inapokaribia, Julai 25, magazeti yetu hutenga kurasa kwa ajili ya Vita ya Kagera, ile ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin. Huwa nazisoma zote. Tunasoma habari za makamanda wetu: za Jenerali Musuguri, za Mayunga aliyeitwa Mti Mkavu, za Walden. Wanastahili. Lakini mwaka huu tumemzika baba yetu, ambaye alikuwa mgambo tu, raia aliyepewa mafunzo ya kijeshi, na wasifu wake uliosomwa makaburini ndio ulionishikisha kalamu. Karatasi nzima ilikuwa vita. Reli, aliyoitumikia tangu ujana mpaka akastaafu, ilipata mstari mmoja: aliwahi pia kuwa mtumishi wa Shirika la Reli.

Aliwahi pia! Hiyo ndiyo iliyotulisha, ikatuvisha, ikatusomesha.

Baba alikuwa kwenye genge la njia, upande wa Tabora kwenda Mwanza. Kwa asiyeijua kazi hiyo, watu wa genge ndio wanaoinua reli iliyotitia, wanaoshindilia kokoto chini ya mataruma na kukaza bolti zinazolegezwa na kila treni inayopita. Jua likiwaka sana chuma hurefuka, na kisipokuwa na nafasi kwenye maungio, njia hujikunja kama nyoka na behewa huanguka. Treni ikifika salama, nani anawakumbuka? Alfajiri alikuwa akikagua kipande chake kwa miguu, spana begani, bendera nyekundu kwapani, mvua iwepo isiwepo. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipoharibu vipande vingine vya Reli ya Kati, alihamishiwa huko na wenzake, na mama akakaa muda mrefu akipata salamu tu kupitia kwa madereva wa treni.

Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, alikuwa na mafunzo ya mgambo na mtoto mmoja mchanga. Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 2 aliisikia redioni pamoja na wenzake wa genge: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Haukupita muda naye akapanda treni kwenda Mwanza, juu ya njia ileile aliyokuwa akiitengeneza. Alipenda kutuambia kwamba wenzake waliimba behewani usiku kucha, yeye akawa anasikiliza maungio chini ya magurudumu na kuhesabu yaliyolegea.

Msomaji wasifu alisema marehemu hakurudi nyuma hata hatua moja. Baba angecheka. Habari za Lukaya, mji wa Uganda kwenye njia ya kwenda Kampala, Machi 1979, alitusimulia mwenyewe, jinsi Brigedi ya 201 ya jeshi letu, iliyojaa mgambo, ilivyokutana na Walibya waliokuja kumsaidia Amin. Maroketi yalipita juu ya vichwa vyao bila kuwagusa, lakini mlio ule hawakuwahi kuusikia maishani, wakatawanyika gizani. "Tulikimbia," alisema, wala hakushusha sauti. Halafu akaongeza, "Kulipokucha tukarudi." Brigedi yetu ya 208 iliwazunguka adui kwa ubavuni, Lukaya ikachukuliwa, na Aprili 11 Kampala ikaanguka. Sijui kwa nini msibani tunaona haya kusema kwamba mtu aliogopa. Mimi namheshimu zaidi yule aliyerudi kulipokucha.

Mgambo waliporuhusiwa, alirudi na mestini moja, kile chombo cha bati cha kulia cha askari, na malaria, akaripoti kazini. Mestini hiyo ndiyo aliyonywea chai kwenye genge miaka yote, hadi mpini wake ukafungwa kwa waya wa reli. Mwalimu alikuwa ametutaka tufunge mikanda kwa miezi 18. Wanaokumbuka foleni za sukari na sabuni wanajua kwamba mikanda haikulegea miezi hiyo ilipokwisha. Hapo ndipo sisi wengine tulipozaliwa, mmoja baada ya mwingine.

Bahasha ya mshahara alimkabidhi mama ikiwa haijafunguliwa, kisha akamwomba ya tumbaku, na mama wakati mwingine akamnyima. Elimu yake iliishia darasa la nne, kwa hiyo hesabu zetu za shule zilimpita kimo. Hata hivyo, kila Ijumaa alikagua madaftari yote. Alichotafuta ni alama ya mwalimu. Akikuta kazi haijasahihishwa, Jumatatu alikwenda shuleni akiwa na nguo zake za genge zenye grisi, akasimama mlangoni kwa adabu, akauliza. Tulikufa kwa aibu. Walimu walianza kusahihisha madaftari yetu kwanza.

Sasa ombi langu, Mhariri. Aliyekuwa na miaka 25 vita ilipoanza leo amevuka 70, na mgambo wengi hawakuandika chochote. Watumeni waandishi wenu kwao kabla ya Julai ijayo, wala wasisubiri siku ya maadhimisho wazee wanapokuwa wamekaa juani. Wakifika, wasiishie kuuliza kuhusu Mutukula, Masaka na Kampala. Waulize pia mzee alifanya kazi gani aliporudi, alimlea nani, alijenga nini. Mtaani kwetu wapo wawili walio tayari kuzungumza. Mmoja aliendesha lori lililochukuliwa kupeleka chakula mstari wa mbele, na baadaye alipasua mbao maisha yake yote. Mwingine hasikii vizuri, kwa hiyo mwandishi aje na sauti, na aje asubuhi, maana mchana mzee bado hushinda shambani.

Binti wa marehemu,
Tabora