Mhariri, Mpanda nayo ilikuwa na mgodi jamani

Ndugu mhariri, shkamoo kama umenizidi umri.

Nimesoma ule ukurasa wenu wa historia ya migodi, Geita imo, Mwadui imo, sisi wa Magharibi mmetupa mstari mmoja wa chumvi ya Uvinza basi mkakunja jamvi. Hata hiyo chumvi yenyewe watu wameichemsha kwenye vyungu kule kando ya mto Ruchugi zaidi ya miaka 1,000 kabla Mjerumani hajaleta kiwanda chake, ila leo sina ugomvi wa chumvi, nina ugomvi wa Mpanda.

Binti yangu yuko darasa la 6, kaambiwa ataje madini na yanakotoka, akaandika risasi, Mpanda. Mwalimu kaweka mkasi mwekundu na pembeni kaandika "za bunduki?" Nilicheka, halafu nikakasirika.

Risasi ni madini, ndo hayo mazito yanayowekwa kwenye betri za magari, na mgodi wa Mukwamba ulikuwepo kweli, miaka ya 50 kampuni ya Uruwira Minerals ndo ilikuwa inachimba, na hiyo treni ya Mpanda inayoachana na reli ya Kigoma pale Kaliua, zile kilomita kama 210 za pori tupu hawakuzijenga kwa ajili ya abiria wala asali, walizijenga kwa ajili ya huo mzigo. 1960 mgodi ukafungwa, reli ikabaki, ndo ikawa yetu sisi wa magunia ya mpunga na kuku.

Babu yangu alitoka Ufipa kwa miguu kwenda kuomba kibarua Mukwamba. Alichobaki nacho ni jiwe moja, saa hizi liko kwangu Tandika linazuia mlango usijibamize. Ni saizi ya ngumi tu ila mgeni akiliokota mkono unashuka anashtuka mwenyewe, na pale lilipomeguka linang'aa vipande vipande vya mraba utadhani kuna mtu kalichonga. (Watoto nimewakataza kulichezea, risasi ni sumu.)

Sasa toleo lijalo Mukwamba muiweke bwana, wazee waliofanya kazi kule wanaisha. Picha ya jiwe njooni mpige, ila mje na kitu cha kuzuia mlango.

Msomaji wenu,
Tandika, Dar es Salaam